Mabomba ya Ghorofa ya Tano

Nilipanda ngazi kwenda kugombana. Naanzia hapo kwa sababu ndivyo nilivyo: hasira yangu hufika mlangoni kabla yangu. Wakati ule nilikuwa nikifanya kazi ya kuhudumia wazee huko Lewisham, zamu ya alfajiri, na ikifika saa tano na nusu nimekwisha kurudi Peckham, nimevua viatu, nimejinyoosha kwenye kochi. Nilichokitaka duniani ni saa moja tu ya kimya. Na kila siku, saa sita kamili, juu ya kichwa changu, mtu alianza kupiga sufuria.

Hakupiga kama mtu anayepika. Alipiga kwa kukusudia, pa-pa-pam, pa-pa-pam, dakika tano nzima, kisha akanyamaza. Siku ya kwanza nilidhani ni mtoto. Siku ya tatu nilidhani ni mtu aliyerukwa na akili. Siku ya nne nilivaa ndara nikapanda.

Mimi na binti yangu tunakaa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa imekufa wiki ya tano hiyo, na mlangoni pake ofisi ya nyumba ilikuwa imebandika karatasi ya kutuomba radhi na kutushukuru kwa uvumilivu wetu. Hakuna aliyekuwa ametuuliza kama tunao uvumilivu wenyewe. Kufika ghorofa ya tano nilikuwa nahema, na maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamebaki kwenye ngazi.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa sare ya wafanya usafi wa hospitali. Tulikuwa tumepishana mara nyingi kwenye ngazi, kila mmoja na mifuko yake ya soko, tukasalimiana kwa kichwa tu. Nyuma yake, mbele ya dirisha lililo wazi na baridi yote ile, alikaa bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, kilemba kichwani, sufuria mapajani, mwiko mkononi.

“Umekuja kwa ajili ya kelele,” alisema jirani yangu. Kati yetu tulisemezana Kiingereza, chake na changu, kila kimoja kimeungwa kwa viungo vya kwao.

“Ndiyo,” nikasema.

Akamgeukia yule bibi, akamwambia jambo kwa lugha niliyoidhania Kifaransa. Bibi akacheka mpaka kilemba kikamcheza, akaipiga sufuria mara moja zaidi, pam.

“Mama anasema, vizuri. Hatimaye kuna mmoja aliyesikia.”

Nikakaribishwa kahawa, nami hasira zangu zikaniaibisha. Walikuwa watu wa Haiti. Lugha ile ilikuwa Kikrioli, na bibi hakujua nyingine ya kufaa. Binti alitangulia Ulaya, akafanya usafi Paris, akaolewa, akaachika, akavuka kuja London. Mama akaletwa baadaye, mambo ya kwao yalipochafuka. Kisha kiharusi kikamchukua miguu. Na kule kwao, jirani alinieleza, wenye mamlaka wakikosea na hakuna pa kulalamikia, watu hukubaliana saa, na saa ile kila nyumba hutoa sufuria yake nje na kuipiga. Anayetawala hawezi kumkamata kila mwenye sufuria.

“Sasa anampiga nani?” nikauliza.

“Anaipiga lifti.”

Tangu siku hiyo nikawa namwita Bi Mkubwa, kwa Kiswahili hivyo hivyo, naye akaitikia. Saa sita ikifika nilikuwa napanda kunywa kahawa yake. Aliniambia, binti yake akitafsiri huku amesimama mlangoni na koti lake la kazi, kwamba katika ujana wake alikuwa mwimbaji wa rara. Rara ni bendi ya kutembea. Majuma yote ya Kwaresima hadi Pasaka watu hutoka na ngoma na mabomba ya mianzi, wakatembea barabarani siku kwa siku, wanawake nyuma wakiimba. Na katika nyimbo hizo waliwaambia wakubwa mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mezani akabaki na kazi yake.

Hilo halikunishangaza hata kidogo. Mimi nimekulia Mombasa, ambako wanawake wanaweza kushinda harusini wakitupiana vijembe kwa nyimbo na kwa maandishi ya leso, na kila aliyealikwa anajua nani kaambiwa nini. Nilimweleza hayo Bi Mkubwa, akanitazama kwa macho mapya. Akaniuliza kama naimba. Nikamjibu, kwa unyenyekevu wa uongo, kwamba mimi ndiye mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Wakenya.

Wiki ya saba ikaja barua. Jirani aliniletea mwenyewe, akasimama jikoni kwangu bila kuketi. Ofisi ya nyumba iliandika kwamba kifaa cha lifti hakipatikani kwa sasa, kwamba mtu wa kiti cha magurudumu kukaa ghorofa ya tano bila lifti ni hatari, na kwa hiyo, kwa usalama wake, ilipendekezwa Bi Mkubwa apelekwe nyumba ya wazee. Nyumba yenyewe ilikuwa mji wa mbali, saa mbili na nusu kwa treni. Afisa angekuja Jumamosi kumkagua.

“Wanasema ni kwa muda,” jirani alisema.

Huo muda wao niliujua. Nimefanya kazi katika nyumba za namna hiyo mbili. Si mahali pabaya, wafanyakazi wengi wana huruma, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini nilimwona huko mama mmoja ambaye lugha yake hakuna aliyeijua. Miezi ya kwanza aliomba maji kwa maneno, kisha kwa mkono, kisha hakuomba tena. Tulimpa maji, bila shaka. Tulimpa kwa ratiba. Nilipoisoma barua ile nilimwona yule mama akiwa na kilemba cha Bi Mkubwa, na nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, “Haendi popote. Jumamosi naleta kwaya.”

Laiti ningefunga mdomo.

Bi Mkubwa alitupa mstari mmoja wa kuimba, wa Kikrioli, aliotunga mwenyewe akiwa dirishani. Maana yake ni hii: barabara iko chini, mimi niko juu, nani kaniibia mlango? Kwao mstari kama huo huimbwa kwa ukali, mmoja akitupa na wengine wakidaka. Mimi niliupeleka kanisani nikaupanga sauti nne. Sauti ya kwanza nikaipa mapambo, besi nikawapa “mmm” ya kutetemesha kifua, na mwisho nikaongeza “Amina”, sijui kwa nini. Tulipouimba mara ya kwanza pale chini ya jengo ili ausikie, Bi Mkubwa alisema kutoka juu kwamba ni mtamu mno. Nikamshukuru kwa kichwa. Sikujua kwamba alikuwa akilalamika.

Jumamosi ikafika, na baridi ya kukata masikio. Tulikuwa kumi na wawili, tumevaa sare yetu ya kitenge cha zambarau juu ya majaketi, tumepangwa mistari miwili mbele ya mlango wa jengo. Jirani alisimama pembeni na kipande cha boksi alichokiandika kwa wino mwekundu: MAMA YANGU SI MZIGO. Juu, dirisha la ghorofa ya tano lilikuwa wazi.

Afisa alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, kijana mwenye faili, koti jepesi, masikio mekundu. Tukaanza. Tuliimba nani kaniibia mlango kwa sauti nne, kwa usafi, kwa mapambo. Yule kijana alisimama. Badala ya kupita kando alisimama mbele yetu hasa, faili kifuani, akatabasamu kwa adabu na kusikiliza.

Sasa, msomaji wangu wa Kenya anajua kilichofuata. Sisi tumelelewa hivyo tangu darasa la kwanza. Mtu mwenye faili akisimama mbele ya kwaya, awe mkaguzi wa shule, awe mbunge, awe askofu, kuna jambo moja tu linalofanyika, nalo halihitaji kuamriwa. Sauti ya kwanza wakaanza kupiga makofi. Miguu ikaingia. Kabla sijajua, wimbo wa Bi Mkubwa ulikuwa umeachwa njiani na tulikuwa tunamwimbia kijana yule wimbo wa kukaribisha mgeni, tukimsogelea hatua mbili mbele, moja nyuma. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye ana wanawe wa kiume watatu na hawezi kumwona kijana ana baridi, alimvika leso mabegani. Mwingine alitoa chupa ya chai. Mandazi yakatoka kwenye mkoba, maana mandazi hayakosekani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na mkono uliokuwa ukiongoza haya yote ulikuwa wangu.

Kijana alinywa chai, machozi yakamlengalenga. Alituambia hajawahi kupokewa hivi katika kazi yake yote. Akaomba kutupiga picha, nasi tukajipanga warefu nyuma. Halafu akapanda ghorofa ya tano peke yake, bila mkalimani, akakaa huko dakika zisizofika kumi, akashuka na andazi lake la pili limefungwa kwenye karatasi, akatushukuru tena na kwenda zake. Nilipogeuka kumtafuta jirani yangu, alikuwa amekishusha kile kipande cha boksi, maandishi yakitazama chini.

“Mmeimba vizuri,” alisema, akaingia ndani.

Juma lililofuata binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi aliyoibandua kwenye ubao wa matangazo wa chini. Lilikuwa gazeti dogo la ofisi ya nyumba, lile wanalowatumia wapangaji. Ukurasa wa mbele tulikuwa sisi, zambarau tupu, meno yote nje, na kichwa cha habari kikisema kwamba wapangaji wa jengo letu wanawashukuru watumishi kwa wimbo.

“Mum, you literally thanked them,” alisema binti yangu. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri sana, hasa kikiwa cha kumsema, lakini majibu yake ni ya London.

“Naona,” nikasema.

“With mandazi.”

“Nimesema naona, mwanangu!”

Siku hiyo hiyo ilikuja barua ya pili ghorofa ya tano. Ukaguzi ulikuwa umekamilika, na Bi Mkubwa angehamishwa baada ya Pasaka. Haya niliyajua kwa mpangaji mwingine, kwa sababu jirani yangu alikuwa hasemi nami. Tukikutana kwenye ngazi alinipisha kwa heshima, kama mtu anavyompisha mgeni. Saa sita ilifika na sufuria haikulia. Kimya nilichokuwa nikikitamani nilikipata chote, na nilikichukia. Nilijilaza kwenye kochi nikisikiliza dari.

Siku ya nne nikapanda, safari hii bila maneno yoyote ya kupanga. Bi Mkubwa ndiye aliyeniita niingie. Jirani alibaki amesimama karibu na jiko, akitafsiri bila kunitazama.

Nilisema nimekuja kuomba radhi. Nilisema kwetu mgeni ni mgeni. Nilisema kijana yule alikuwa na baridi.

Bi Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. “Mlimwonea huruma kwa sababu ya baridi,” alisema. “Na mimi je?”

Nililia, si kwa madaha, nililia na kamasi, kwa aibu na kwa woga, maana nilimpenda bibi yule na nilikuwa nimesaidia kumfukuza. Aliniacha nilie. Kisha akanigonga mkono kwa mwiko, si kwa nguvu, akasema jambo lililomfanya binti yake acheke bila kupenda.

“Anasema ninyi si watu wabaya. Taabu yenu ni midomo. Imezoea kukaribisha, haiwezi kujizuia. Anasema dawa ni kuiziba.”

Na hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye mabomba.

Katika rara, bomba la mwanzi hutoa sauti moja tu. Halina tundu la kuziba na kuzibua kama zumari. La urefu huu lina sauti yake, la urefu ule lina yake, na mtu mmoja peke yake hawezi kupiga wimbo hata akipuliza mpaka macho yamtoke. Wimbo huwapo pale tu kila mmoja anapopuliza sauti yake kwa zamu yake, haraka haraka, mmoja akimkabidhi mwenzake. Huku mkono wa pili unagonga ubavu wa bomba kwa kijiti. Peckham haina mianzi, lakini ina duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Kalasinga aliyezaliwa Nairobi, na huyo ana mabomba ya plastiki ya maji machafu ya kila urefu.

“Mama, hizi zote za nini?” aliniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, mikono kiunoni. “Vyoo ngapi zimeziba?”

Nilipomweleza, akachukua msumeno, akakata tisa, kila moja fupi kuliko lililotangulia, na akayasugua midomo kwa msasa ili yasitukate. Aliyajaribu mwenyewe moja baada ya jingine, ndevu zikitikisika, na wateja wakasubiri.

Kwaya haikukubali yote. Wengine walisema Kwaresima ni wakati wa toba na kunyamaza, si wakati wa kupuliza mabomba ya choo barabarani. Nilimfikishia Bi Mkubwa. Alisema kwao pia ni toba, ila wanaotakiwa kutubu ndio wanaopelekewa mabomba nyumbani. Wakaja saba, wakiwemo yule mama wa leso na wanaume wawili wa besi. Pamoja nami na jirani tukawa tisa.

Tulifanya mazoezi kwenye ngazi kati ya ghorofa ya nne na ya tano, Jumapili mchana baada ya ibada, mlango wa Bi Mkubwa ukiwa wazi atusikie. Majirani walichungulia, mmoja akaleta viti. Bomba langu lilikuwa refu kuliko yote na lilitoa sauti ya ng'ombe mwenye mawazo. Na nilikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote. Mwalimu wa kwaya kazi yake ni kuziba mapengo: sauti ya pili ikichelewa, yeye huimba ya pili, besi wakisahau, yeye hunguruma. Kwa hiyo kila mwenzangu alipositasita nilipuliza mahali pake, na wimbo ukawa matope. Sufuria ililia kutoka ndani, pam!

“Anasema nani huyo mwenye bomba kubwa?” jirani aliuliza, ingawa alijua vizuri.

“Mimi.”

“Anasema ukipuliza pa mwenzako, unamwambia asije.”

Maneno hayo yaliniingia. Nilifikiria wazee wangu wa Lewisham, ninavyowamalizia sentensi ili niwahi chumba kinachofuata. Nilifunga mdomo nikahesabu. Ilichukua Jumapili mbili kabla sijaweza kuvumilia pengo la mtu bila kulirukia. Na siku tulipopata, kwa mara ya kwanza, duru nzima kutoka bomba fupi hadi langu na kurudi, hakuna aliyeweza kuacha kupuliza. Wimbo ulizunguka wenyewe. Ndani tulimsikia Bi Mkubwa akiimba juu yake ule mstari wake, kwa sauti iliyokwaruza, kali, isiyo na mapambo hata moja. Nikaelewa jinsi nilivyokuwa nimeuua kwa utamu. Jirani yangu alikuwa ameegemea ukuta, bomba mdomoni, akinitazama, na kwa macho tu akanisamehe.

Tulichagua Jumatano, saa sita mchana. Ofisi ya nyumba iko mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu, ikiwa hupulizi bomba. Jirani alijifunga simu kifuani kwa leso, kamera yake ikitazama mbele, ili Bi Mkubwa aione njia kwenye simu yake dirishani. Alikuwa ametuagiza jambo moja tu: tusisimame. Rara si kwaya, alisema, rara ni miguu.

Niseme ukweli, niliona haya. Mita mia za kwanza nilipuliza nikitazama viatu vyangu. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Halafu mlango wa saluni moja ukafunguka, wakatoka wasusi na vitana mikononi, na nyuma yao mteja mwenye nusu ya kichwa iliyosukwa na nusu iliyosimama. Mwuza samaki akaanza kugonga ndoo. Dereva wa basi alipiga honi, nami nikajiandaa kutukanwa, kumbe alikuwa anaingia kwenye mdundo. Kutoka kifuani kwa jirani sauti ya Bi Mkubwa ilitupigia kelele, na nilikuwa nimekwisha kujifunza neno hilo la Kikrioli: upesi, upesi. Tulipofika kona ya mwisho nilikuwa nimeinua kichwa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata London kwa miaka, na sioni sababu ya kuisema kwa mafumbo.

Mlinzi wa ofisi alitwambia hatuna miadi. Tukaendelea kuzunguka uwanja mdogo wa mbele, duara baada ya duara. Watu walikuja madirishani. Kisha mlango ukafunguka, na nani alitoka kama si yule kijana wetu wa masikio. Alitutambua mara moja. Uso ukamng'aa. Akafungua mikono miwili, kama mtu anayengoja kuvikwa leso.

Nakiri, nilisikia ule wimbo wa kukaribisha mgeni ukinipanda kooni. Yule mama wa sauti ya pili kando yangu alianza kupinda goti kidogo, kwa mazoea. Kama midomo yetu ingekuwa wazi, tungemkaribisha tena, nina hakika, na pengine mandazi yalikuwapo. Lakini midomo ilikuwa kwenye mabomba. Zamu yangu ikafika, nikapuliza. Kijana alisubiri wimbo uishe ili ashukuru, na haukuisha. Alisubiri tena. Nilimwona akianza kutuelewa: mikono ilishuka polepole, akatazama lile boksi la maandishi mekundu, ambalo safari hii jirani alikuwa amelifunga mgongoni, akalisoma. Kisha akarudi ndani akamleta mkuu wake.

Mkuu alikuwa mwanamke mwenye miwani, na alituomba tunyamaze ili tuweze kuzungumza. Jirani peke yake ndiye aliyeshusha bomba. Sisi wanane tuliendelea kuzunguka polepole, na pale ilipokuwa zamu yake tuliacha wazi.

“Mama yangu hataki kuhama,” alisema jirani. “Anataka kushuka.”

Mkuu alieleza habari za kifaa, za kampuni, za usalama. Jirani alimsikiliza, akaichomoa simu kifuani, akaishika mbele yake. Bi Mkubwa alizungumza kwa kirefu.

“Anasema nini?” mkuu akauliza.

“Anasema kesho pia.”

Kesho yake tulirudi, na keshokutwa. Siku ya tatu yule mzee wa duka alikuja na bomba lake mwenyewe, na wasusi wawili walikuja na masufuria. Sitadanganya kwamba plastiki iliitengeneza lifti. Kulikuwa pia na mwanamke mmoja wa msaada wa sheria, aliyeandika barua tatu kali bila kumwomba jirani chochote, na naambiwa hata yule kijana aliandika ripoti upya, akisema safari ya kwanza hakuwa ameuliza maswali ya kutosha. Lakini siku ile ya tatu mkuu alitoka nje mwenyewe na karatasi mkononi. Bi Mkubwa hatahamishwa. Mafundi watakuja Jumatatu. Kifaa kilikuwa kimepatikana, sikuuliza wapi.

Lifti iliamka Alhamisi ya juma la Pasaka. Jumamosi tulikusanyika chini, tisa na mabomba yetu, na nusu ya jengo nyuma yetu, tayari kumpokea. Mlango ukafunguka. Bi Mkubwa alikuwa amevaa gauni jeupe na kofia ya majani juu ya kilemba, binti yake nyuma akisukuma kiti na machozi yakimtiririka waziwazi. Tuliinua mabomba. Bi Mkubwa akainua kiganja: bado. Akasema neno, na jirani akacheka.

“Anataka kwenda sokoni.”

Miezi mitatu alikuwa akiletewa ndizi za kupika, kwanza na binti yake, kisha na mimi pia kwa zamu, naye miezi mitatu alikuwa amezila bila neno. Kumbe hazikumpendeza hata siku moja. Jirani alikuwa akijifuta machozi, kwa hiyo nilishika kiti mimi. Tulikata barabara, tukapita saluni, tukafika meza ya muuza ndizi, mama wa Kinigeria mwenye sauti ya kufunika mtaa. Bi Mkubwa aliegemea mbele akachukua ndizi ya kwanza. Akaiminya, akainusa, akairudisha. Akachukua ya pili, akairudisha. Mkono wangu uliondoka kwenye kiti ili kumsaidia kuchagua, nikaurudisha. Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Muuzaji alimwambia kwa Kiingereza aache kuziponda bidhaa zake, naye akamjibu kwa Kikrioli, na wala hakuna aliyehitaji tafsiri. Watu waligeuka kutazama. Alikuwa chini, barabarani, katikati ya watu, akigombana na muuza ndizi kwa sauti yake yote, na kwa nilivyoona mimi, alikuwa anashinda.